Ukuta wa Kwa Ochieng

Mtu mzima hawezi kuingia Kochieng akiwa wima. Mlango ni mwembamba na mfupi, umefunikwa juu kwa mabamba ya mawe yaliyolazwa toka ubavu mmoja hadi mwingine, nayo yamebeba ukuta uliosalia juu yake bila saruji wala udongo. Anayeingia huinamisha kichwa, hutanguliza bega, na kwa hatua mbili tatu haoni kitu ila ardhi iliyo mbele ya miguu yake. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mlango ulifanywa hivyo makusudi: adui anayepenya hapo anatanguliza kisogo, na mlinzi aliyesimama ndani hana kazi ngumu. Ni maelezo matamu, na huenda yana ukweli. Lakini mlango huohuo una maelezo mengine yasiyo na damu hata kidogo. Ukuta wa mawe yasiyoshikanishwa kwa chochote hauwezi kuachiwa uwazi mpana, kwa sababu kila kinachowekwa juu ya uwazi lazima kibebwe na bamba moja la jiwe, na bamba refu huvunjika katikati kwa uzito. Fundi asiye na boriti ya chuma wala tao atajenga mlango mwembamba, apende asipende, awe anajenga ngome ya vita au zizi la mbuzi. Basi jambo lile lile tunaloliona kuwa hila ya kijeshi laweza kuwa pia mpaka wa ufundi, na mabishano yote kuhusu mahali hapa yamejaa mambo ya namna hiyo, yanayosomeka huku na huku.

Mahali penyewe panaitwa Thimlich Ohinga. Pako katika Kaunti ya Migori, kusini magharibi mwa Kenya, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, katika nchi ya vilima na vichaka inayoelekea Ziwa Viktoria. Kuna maboma makubwa manne ya mawe, yaani Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na kila moja lina viambatisho vyake. Kuta zina kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi mita 4.5. Inaaminika kwamba zilianza kujengwa katika karne ya 16, na kwamba watu wa makundi mbalimbali, wa lugha za Kibantu na baadaye Wajaluo, walikaa humo kwa zamu, wakakarabati na kuongeza, hadi zikaachwa katika karne ya 20. Serikali ya Kenya ilizitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wala si za pekee. Mtafiti Isaya Onjala na wenzake wamehesabu majengo ya aina hii 521 katika sehemu 138 za eneo hilo la Nyanza Kusini. Thimlich ni kubwa kuliko mengine na limehifadhika vizuri zaidi.

Swali ambalo halijatulia ni moja: yote haya yalikuwa ya nini? Jina lenyewe linaonekana kulijibu. Kwa Kijaluo, thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni mahali palipozungushiwa ngome, pa kukimbilia. Ndiyo maana vitabu vya wageni na mabango ya barabarani huandika neno ngome bila kusita. UNESCO wenyewe wamekuwa waangalifu zaidi: wanasema makazi haya yanaonekana kuwa yalitumika kama ngome ya watu na mifugo, kisha wanaongeza kwamba yalipanga pia undugu na mahusiano ya koo. Ni sentensi ya kupatanisha pande mbili, nayo ina hasara ya sentensi zote za namna hiyo, haisemi kipi kilikuja kwanza. Mimi naona ushahidi unatosha kusema. Thimlich lilijengwa kama mji wa mtu, kwa maana ile ya zamani ya neno mji, yaani nyumba za mwenye mji, wake zake, wanawe na ng'ombe wake. Ulinzi ulikuwa mojawapo ya kazi za mji huo, kama ulivyo kazi ya mlango na komeo katika nyumba yoyote. Haukuwa sababu ya mji kuwapo.

Tuanze na majina, kwa kuwa yako wazi mbele ya macho na ni mara chache mtu huyasoma. Katika Kijaluo, kiambishi ka mbele ya jina la mtu hufanya kazi ya neno letu kwa: ka pamoja na Ochieng huwa Kochieng, kwa Ochieng, Koketch ni kwa Oketch, Koluoch ni kwa Oluoch. Ukiyatafsiri majina hayo kwa Kiswahili cha kawaida, unapata kile anachokisema dereva wa bodaboda anapoelekezwa: pita kwa Oketch, halafu shuka kwa Oluoch. Hakuna kati ya majina hayo linalotaja vita, mnara, mlinzi au ushindi. Watu waliokaa mle kwa miaka mingi, wakayajua mawe yale kwa viganja vyao, walipotaka kutofautisha boma moja na jingine walitumia jina la mwenye nyumba.

Mtu anaweza kupinga hapa, tena kwa haki. Majina hayo ni ya wakazi wa mwisho, na hao si lazima wawe ndio waliojenga. Jengo lililosimama tangu karne ya 16 laweza kuwa lilianza kama ngome ya kundi jingine kabisa, kisha akina Ochieng wakahamia ndani kama watu wanavyohamia kambi iliyoachwa na jeshi. Kama ningekuwa na majina peke yake, ningenyamaza. Lakini yaliyomo ndani ya kuta yanasema vilevile. Kuna kuta ndogo za ndani zinazogawa mazizi ya ng'ombe, vyumba vya wanyama wadogo na sehemu za ghala za nafaka. Kuna mashimo ya duara yanayoonyesha mahali nyumba zilipokaa. Imepatikana mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, pamoja na ya wanyama wa porini walioliwa, vigae vya vyungu, na dalili za ufuaji chuma. Hivi ni vitu vya watu wanaopika, wanaokamua, wanaosaga na kutengeneza majembe, na havikuletwa kwa usiku mmoja wa hatari. Mahali pa kukimbilia adui anapokuja huacha alama chache na za haraka, jivu la moto wa siku mbili, chungu kilichovunjika katika msukosuko. Mahali pa kuishi huacha tabaka juu ya tabaka.

Zaidi ya hayo kuna viambatisho, ambavyo kwangu ndivyo ushahidi wenye uzito kuliko wote. Ngome hukua kwa kufuata hatari. Jemadari akiona adui ana silaha mpya, anaongeza unene wa ukuta, anachimba handaki, anainua mnara upande unaotishia. Maboma ya Thimlich hayakukua hivyo. Yalikua kwa kuongezewa ua mwingine ubavuni mwa ua wa kwanza, kama chungu kinachoshikamana na chungu mwenzake, na kila ua mpya ukawa na nafasi yake ya kukaa. Huko ni kukua kwa kufuata uzazi. Mwana anaoa, nafasi haitoshi, mawe yanaokotwa, ukuta unasogezwa. Yeyote anayejua jinsi dala, boma la Kijaluo la siku hizi, linavyopangwa ataelewa mara moja: nyumba ya mke mkubwa, mikayi, imekaa ikitazama lango, za wake wengine ziko pembeni, zizi liko katikati, na vijana wa kiume wana simba zao, yaani vijumba vya vijana, karibu na lango, hadi siku watakapotoka na kuanzisha dala zao. Mpangilio huo ni ramani ya ukoo iliyochorwa juu ya ardhi. UNESCO wanapotaja mahusiano ya koo ndicho kitu wanachokigusa, ingawa wamekiweka mwishoni mwa sentensi.

Idadi nayo ina neno. Majengo 521 ni mengi mno kuwa ngome za nchi ile ndogo, na ni ya kawaida kabisa kuwa nyumba zake, zikiwa zilijengwa na kuachwa katika karne kadhaa.

Sasa tuje kwenye pingamizi lenye nguvu. Mtetezi wa ngome atauliza: ukuta wa mita 4 ni wa kuzuia mbuzi gani? Mbuzi huzuiwa na miiba. Fisi huzuiwa na miiba iliyofungwa vizuri. Ukuta wenye unene wa mita 1 na kimo cha mita 3 hula mita za ujazo 30 za mawe katika kila mita 10 za urefu wake, na kila jiwe limeokotwa, limebebwa, limegeuzwa mkononi hadi likapata upande unaokaa. Nyuso mbili za ukuta, ya nje na ya ndani, hupandishwa pamoja, kisha katikati hujazwa mawe madogo yanayobana, na pale ukuta unapotishia kulala huwekwa nguzo nene ya mawe kuuegemeza. Hakuna familia inayofanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya kupendeza. Walikuwa wanaogopa watu.

Ndiyo, walikuwa wanaogopa watu, na hilo silikatai. Nchi ile ilikuwa njia panda ya makundi yaliyohamahama na yaliyovamiana, na mali iliyotafutwa ilikuwa moja: ng'ombe. Lakini tuangalie uvamizi wa ng'ombe ni kitu gani. Wavamizi huja usiku au alfajiri, wakiwa wachache na wepesi. Wanachotaka ni kufungua zizi, kuswaga mifugo na kutokomea kabla kijiji hakijakusanyika. Hawana haja ya kukalia boma, na hawawezi kulizingira kwa majuma. Dhidi ya wezi wa namna hiyo, ukuta hauna kazi ya kushinda vita. Kazi yake ni kuchelewesha, kumfanya mwizi atumie nusu saa mahali alipotaka kutumia dakika 5, na kumzuia asitoe ng'ombe kwa wingi hata akifaulu kuingia. Huo ni ukuta wa zizi uliojengwa na watu wanaojua thamani ya kilichomo. Na mtu akisisitiza kwamba hata hivyo ni vita, nitamwomba alinganishe na jengo jingine la karne hiyohiyo, katika nchi hiihii. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Fort Jesus, kwenye mlango wa bandari ya Mombasa, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Pembe zake zimechomoza makusudi ili mizinga ya pembe moja iweze kusafisha ukuta wa pembe nyingine, na mahali pake palichaguliwa kwa ajili ya kitu kilicho nje yake, yaani meli zinazoingia na kutoka. Ngome hutazama nje. Thimlich limejikunja kuelekea ndani, na kilicho katikati yake, ambacho kila kitu kimekizunguka, ni mifugo.

Kuna pia suala la kimo kisicholingana. Ukuta wa vita una nguvu za sehemu yake iliyo fupi kuliko zote, maana hapo ndipo adui atakapopandia. Kuta zenye mita 4.5 mahali fulani na mita 1.5 mahali pengine ni kitendawili kwa anayezisoma kama ngome. Ni kweli kwamba mawe huanguka, na kwamba mizizi ya miti na mvua za miaka 400 zimepunguza vimo vingi, kwa hiyo sitaki kuiegemea hoja hii kwa uzito wote. Lakini inafaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kimo cha juu kabisa peke yake, kama kwamba ukuta wote uko hivyo. Pengine kimo cha sehemu zile ndefu kilikuwa na msemaji wake mwingine: mwenye mji aliyeweza kuita watu wa kutosha kubeba mawe yale aliwaambia majirani jambo kuhusu ukubwa wake, hata kabla hawajahesabu ng'ombe zake.

Nadhani sehemu ya tatizo letu ni kwamba swali lilitufikia kwa lugha ambayo ngome ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Kiswahili hakikuwa na haja ya kuchagua. Neno boma ni ua wa miiba wa kulaza ng'ombe, ni makazi ya familia, ni ngome ya mtemi, na tangu wakati wa Wajerumani na Waingereza ni ofisi ya mkuu wa wilaya, hata leo mtu wa Tanzania husema anakwenda bomani kushughulikia hati yake. (Wapo wanaodai neno hilo ni kifupisho cha jina la chombo fulani cha serikali ya kikoloni. Si kweli, wasafiri wa miaka ya 1870 walilikuta na kuliandika kabla serikali hiyo haijafika.) Neno kaya nalo ni hivyohivyo. Karani wa sensa anapouliza kaya hii ina watu wangapi, anatumia neno lilelile ambalo Wamijikenda wa pwani ya Kenya hulitumia kwa vijiji vyao vya zamani vilivyokuwa na maboma, vilivyofichwa ndani ya misitu, juu ya vilima, vyenye njia nyembamba na malango. Kaya hizo zilianza katika karne ya 16 na kuachwa kufikia miaka ya 1940, karibu sawasawa na Thimlich, na UNESCO walizitambua mwaka 2008. Hakuna anayeuliza kama kaya ilikuwa ngome au makazi, kwa sababu neno lenyewe limeshajibu: ni nyumbani, na nyumbani hulindwa.

Pingamizi la mwisho ni la wakati. Utawala wa Waingereza ulipokomesha uvamizi, maboma ya mawe yalianza kuachwa. Je, kitu kinachoachwa hatari inapokwisha hakikuwa cha kukabili hatari hiyo? Hoja hii ingenishinda kama watu wangehama kwa mkupuo, mwaka mmoja au miwili baada ya amani kuja. Lakini desturi hii ilififia polepole hadi katikati ya karne ya 20, na wakazi walipohama hawakubadili namna ya kuishi. Walijenga dala zenye lango, zizi la kati, nyumba ya mikayi ikitazama lango, simba za vijana. Kilichobadilika ni kwamba mahali pa mawe walipanda mnyaa, mmea wa utomvu mweupe unaochoma macho na ambao mifugo huukwepa. Sehemu nyingine za nchi ya Wajaluo, mawe yanapokosekana, wazee walikuwa wamekwisha kutumia kuta za udongo na mitaro, gunda bur, kwa kazi hiyohiyo. Jiwe, udongo, mmea: ganda limebadilika mara tatu na kiini kimebaki. Kama ulinzi ungekuwa ndio kiini, ulipokosa kazi kila kitu kingesambaratika pamoja nao. Kilichokosa kazi ni ule unene wa ziada tu.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, kuna Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, mahali penye mitaro na matuta ya udongo yenye jumla ya zaidi ya kilomita 10. Maana ya jina hilo ni ngome za mgeni, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo la mwisho. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba huko mwaka 1960, na mjadala haujaisha kama ile mitaro ilikuwa ya vita, ya mifugo, au ya kuonyesha ukuu wa mtawala. Naitaja kwa sababu watu hupenda kuziweka pamoja, na sioni kwamba zinastahili kuwekwa pamoja moja kwa moja. Mtaro wa kilomita 10 unahitaji mtu wa kuuamuru na umati wa kumtii, na mlinzi wa kila hatua hapatikani. Boma la Thimlich laweza kujengwa na ukoo mmoja wenye subira. Jibu la Bigo, likipatikana, halitakuwa jibu la Kwa Ochieng.

Na jibu si la kufurahisha wasomi peke yao, kwa kuwa ndilo linaloamua kinachokarabatiwa. Anayeamini kwamba hapa ni ngome atatumia fedha zake zote kwenye ukuta wa nje: atang'oa miti inayousukuma, atainua mawe yaliyoanguka, atasimamisha upya malango, na mgeni atapigwa picha akiwa ameinama. Vile vijikuta vya ndani vya mazizi, ambavyo vingi ni vifupi na havipendezi kwenye picha, vitaendelea kuzama katika nyasi, na mashimo ya nyumba yatakanyagwa na wageni wanaotafuta mahali pazuri pa kuutazama ukuta. Samadi iliyoganda chini ya mazizi inaweza kueleza ng'ombe walikuwepo kwa muda gani na walikula nini, lakini hakuna anayeilinda samadi kwa sababu ya vita.

Miongoni mwa vitu visivyopendeza kwenye picha, ndani ya Thimlich, kuna jiwe lililochongwa mashimo madogo kwa safu. Ni bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Mashimo ya bao katika mwamba hayachongwi na mtu anayemsubiri adui usiku huu. Hugongwa kidogokidogo, jioni baada ya jioni, na mtu ambaye ng'ombe wake wamekwisha kuingia zizini.